Sataranji: Hatua Saba za Nyeupe na Askari wa Katikati

Kabla kete yoyote haijaguswa, mchezaji wa Nyeupe katika sataranji ana hatua 20 za kuchagua. Askari wake wanane kila mmoja aweza kusogea mraba mmoja au miwili, na farasi wake wawili kila mmoja ana njia mbili. Nyeusi nayo ina hatua 20 za kujibu, kwa hiyo baada ya kila upande kucheza mara moja ziko njia 400. Nyeupe ikicheza tena, njia zinafika 8,902. Nyeusi ikijibu, zinafika 197,281. Mwaka 1950 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alikadiria kwamba kila jozi ya hatua, moja ya Nyeupe na moja ya Nyeusi, huleta njia zipatazo 1,000, na kwamba mchezo wa kawaida una jozi 40. Ukiizidisha 1,000 kwa yenyewe mara 40 unapata tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 120. Hiyo ndiyo idadi ya michezo aliyoikadiria.

Hesabu hii si mapambo. Inamhusu kila mwanafunzi ajifunzaye mchezo huu baada ya masomo, kwa sababu ufunguzi, yaani hatua kumi za mwanzo au zaidi kidogo, ndipo wengi wanaposhindwa kabla hawajaanza kufikiri. Wako wanaojaribu kuhifadhi kichwani majibu ya kila hatua ya mpinzani, kama mtu anayehifadhi kamusi. Wengine huchagua njia tofauti: hujifunza mpangilio mmoja wa kete ambao waweza kusimamishwa mbele ya karibu kila mpinzani, na hatua zake zaweza kufuatana kwa namna nyingi. Ufunguzi wa aina hii huitwa ufunguzi wa mfumo. Makala hii inaueleza mfumo mmoja wa upande wa Nyeupe, ujulikanao kama Shambulio la Kihindi la Upande wa Mfalme. Inaeleza pia jambo ambalo mfumo huo, kama mifumo yote, hauwezi kumfanyia mchezaji.

Namna ya kuandika hatua

Katika makala hii mfalme ataandikwa M, ngome N, askofu A, na farasi F. Malkia angeanza kwa M pia, kwa hiyo ataandikwa L. Hatua ya askari huandikwa kwa jina la mraba tu. Miraba hutajwa kwa herufi a hadi h, kutoka kushoto kwa Nyeupe kwenda kulia, na kwa namba 1 hadi 8, kutoka upande wa Nyeupe kwenda upande wa Nyeusi. Alama x ni kukamata kete, alama + ni kumtisha mfalme, na 0-0 ni mfalme kuhamia pembeni pamoja na ngome kuruka upande wa pili wake. Neno mati lina maana kwamba mfalme ametishwa na hana pa kukimbilia. Msomaji hana budi kuwa na ubao mbele yake. Maelezo ya sataranji yasomwayo bila ubao husahaulika upesi.

Hatua zenyewe

Nyeupe inataka kusimamisha kete zake hivi: askari wake wako e4, d3 na g3, farasi wako f3 na d2, askofu yuko g2, na mfalme amekwisha kuhamia g1. Hatua zinazohitajika ni saba: e4, d3, g3, Ff3, Fd2, Ag2 na 0-0.

Mpangilio huu uliitwa wa Kihindi kwa sababu ni ule ule uliokuwa ukitumiwa na Nyeusi katika ulinzi wenye jina hilo, ila umegeuzwa ukawa wa Nyeupe, ukiwa na hatua moja ya ziada. Katikati ya karne ya 19 Mskoti John Cochrane alicheza mara nyingi mjini Calcutta na Moheschunder Bannerjee, Mhindi aliyependa kumweka askofu pembeni nyuma ya askari namna hii. Jina limetokana na mazingira hayo.

Askofu akiwa f1 katika ubao mtupu huona miraba 7. Akiwa g2 huona 9, na mshazari mrefu kutoka h1 hadi a8 wote unakuwa wake. Hata hivyo mwalimu asiwaambie wanafunzi kwamba askofu huyu anashambulia tangu siku ya kwanza. Farasi wa f3 na askari wa e4 ni wa Nyeupe mwenyewe, nao wanamziba. Kazi yake ya kwanza ni kumlinda mfalme na kuishikilia e4. Nguvu yake hufunguka baadaye, na mara nyingine haifunguki kabisa.

Hatua hizo saba zaweza kufuatana kwa namna ngapi? Swali hili lafaa sana darasani. Vitu saba visivyo na masharti hupangwa kwa namna 7×6×5×4×3×2×1, yaani 5,040. Lakini hapa yako masharti. Askofu hawezi kufika g2 kabla askari hajasogea g3. Mfalme hawezi kuhama kabla askofu na farasi wa upande wake hawajaondoka. Farasi wa b1 hawezi kusimama d2 kabla askari wa hapo hajaiacha nafasi. Katika kila mipangilio 24 ya g3, Ag2, Ff3 na 0-0, ni mitatu tu inayokubalika, yaani sehemu moja kati ya nane. Katika kila mipangilio miwili ya d3 na Fd2, ni mmoja tu. Gawanya 5,040 kwa 8, kisha kwa 2. Jibu ni 315.

Kwa hiyo Nyeupe ina njia 315 za kufika mahali pale pale. Huo ndio unyumbufu wa mfumo, na ndiyo faida yake ya kweli: mpinzani aliyejiandaa dhidi ya njia moja aweza kuzungukwa kwa njia nyingine.

Lakini si kila njia kati ya hizo ina busara mbele ya kila mpinzani. Chukua mfano huu: 1. e4 e6 2. d3 d5. Nyeupe ikicheza sasa 3. Ff3, Nyeusi yaweza kujibu 3. ... dxe4 4. dxe4 Lxd1+, na mfalme wa Nyeupe analazimika kumkamata malkia. Mfalme akisogea hivyo amepoteza haki ya kuhamia pembeni, na malkia wote wawili wameondoka. Shambulio lililokusudiwa limekufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo sababu Nyeupe hucheza 3. Fd2 kwanza. Nyeusi ikikamata e4, farasi atakamata, au askari wa d3 atakamata huku farasi wa d2 akizuia safu ya malkia. Hatua ni zile zile saba, lakini utaratibu wake umeamuliwa na mpinzani.

Mtoto wa miaka 14 na askari wa d6

Robert Fischer wa Marekani alizaliwa mwaka 1943, akawa bingwa wa dunia mwaka 1972 kwa kumshinda Boris Spassky mjini Reykjavik. Katika ujana wake aliupenda sana mfumo huu. Michezo yake miwili ikiwekwa sambamba hufundisha zaidi ya kurasa nyingi za maelezo.

Wa kwanza ni wa mwaka 1957, katika mashindano ya New Jersey, dhidi ya James Sherwin. Fischer alikuwa na miaka 14. Ulianza hivi: 1. e4 c5 2. Ff3 e6 3. d3 Fc6 4. g3 Ff6 5. Ag2 Ae7 6. 0-0 0-0 7. Fbd2. Hatua saba zimetimia. Nyeusi ikacheza 7. ... Nb8, na baada ya 8. Ne1 ikamsogeza askari wake d6.

Askari wa d6 anaiangalia e5. Nyeupe ikisukuma askari wake e5 papo hapo, atakamatwa, na kabari inayotakiwa haitasimama. Fischer hakusukuma. Alicheza 9. c3, na baada ya 9. ... b6 akacheza 10. d4. Askari wa d3, ambaye kwa mujibu wa mfumo alikuwa amefika mahali pake, alisogezwa tena. Askari wa c3 yupo ili Nyeusi ikikamata d4, Nyeupe ikamate kwa askari na kubaki na askari wawili bega kwa bega katikati. Nyeupe ilijenga kituo kikubwa, kisha ikasukuma e5 ikiwa na nguvu za kufanya hivyo, na Fischer akashinda.

Sousse, 1967

Mchezo wa pili ulichezwa miaka kumi baadaye katika ardhi ya Afrika, mjini Sousse nchini Tunisia, kwenye mashindano ya kutafuta wagombea wa ubingwa wa dunia. Mpinzani alikuwa Lhamsuren Myagmarsuren wa Mongolia. (Fischer alikuwa akiongoza mashindano hayo alipojiondoa kwa ugomvi juu ya ratiba; lakini hilo ni somo jingine.)

1. e4 e6 2. d3 d5 3. Fd2 Ff6 4. g3 c5 5. Ag2 Fc6 6. Fgf3 Ae7 7. 0-0 0-0.

Ni hatua zile zile saba kwa utaratibu mwingine. Kete za Nyeupe zimesimama vile vile zilivyosimama mbele ya Sherwin. Tofauti ni ndogo kwa macho: askari wa Nyeusi yuko d5, hayuko d6. Tofauti hiyo ndogo inageuza mpango wote.

8. e5 Fd7 9. Ne1

Sasa hakuna askari wa Nyeusi wa kumkamata aliyeko e5, isipokuwa Nyeusi ikijidhoofisha kwa f6. Farasi aliyekuwa akimlinda mfalme ametimuliwa kutoka f6. Katikati pamefungwa. Lakini askari wa e5 ni uhai wa mpango huu, hivyo hapana budi kuhesabu. Wanaomshambulia ni farasi wa d7 na farasi wa c6, yaani wawili. Wanaomlinda ni farasi wa f3 na, baada ya 9. Ne1, ngome, wawili pia. Nyeusi ikiongeza mshambuliaji, Nyeupe nayo hapana budi kuongeza mlinzi. Wanafunzi wengi hupoteza askari huyu kwa sababu wameikariri hatua ya e5 bila kukariri hesabu yake.

9. ... b5 10. Ff1 b4 11. h4 a5 12. Af4 a4 13. a3

Katikati pakifungwa, kila upande hucheza pale ambapo askari wake wana nafasi ya kusonga. Nyeusi inakwenda upande wa malkia kwa b5, b4, a5, a4. Nyeupe inajiandaa upande wa mfalme: farasi ameondoka d2 ili askofu wa c1 apate njia, naye amefika f4 kuwa mlinzi wa tatu wa e5. Hapa Fischer anasita kidogo na kucheza a3. Asingefanya hivyo, askari wa Nyeusi angefika a3 mwenyewe na kuibomoa b2. Hatua hii haimo katika orodha ya saba wala katika mpango wa kushambulia. Imetokana na kumtazama mpinzani.

13. ... bxa3 14. bxa3 Fa5 15. Fe3 Aa6 16. Ah3 d4 17. Ff1 Fb6 18. Fg5 Fd5 19. Ad2 Axg5 20. Axg5 Ld7 21. Lh5 Nfc8 22. Fd2 Fc3 23. Af6

Tazama mahali alipo askofu: f6, mlangoni kwa mfalme wa Nyeusi, akilindwa na askari wa e5. Nyeusi ikimkamata kwa askari wa g7, Nyeupe itamkamata kwa askari wa e5, na mfalme wa Nyeusi atabaki bila paa.

23. ... Le8 24. Fe4 g6 25. Lg5 Fxe4 26. Nxe4 c4 27. h5 cxd3 28. Nh4 Na7 29. Ag2 dxc2 30. Lh6 Lf8

Askari wa Nyeusi amefika c2. Amebakiza mraba mmoja tu ageuke malkia. Ni mbio za kweli, na Nyeusi haikuwa mzembe. Lakini mbio hizi zilipimwa. Hatua ya 29 ya Nyeupe, askofu kurudi nyuma kutoka h3 hadi g2, huonekana kama ya mtu aliyechoka. Sababu yake inaonekana sasa.

31. Lxh7+

Nyeusi ilikubali kushindwa. Mfalme akimkamata malkia, 31. ... Mxh7, Nyeupe itacheza 32. hxg6+, na mfalme anatishwa mara mbili kwa pamoja, na askari na ngome. Ana miraba miwili tu. Akimkamata askari, 32. ... Mxg6, basi 33. Ae4 ni mati: askofu aliyesubiri g2 amefika, askofu wa f6 anashika g5 na g7, ngome inashika safu yote ya h, na askari wa f7 hawezi kuruka kwenda f5 kwa sababu askofu mwenzake amemziba. Mraba wa pili ni g8. Mati yake imeachwa iwe zoezi.

Ushindi huu wote ulining'inia juu ya askari mmoja wa e5. Na askari huyo aliweza kusimama hapo kwa sababu Nyeusi ilicheza d5. Ukikariri mchezo wa Sousse na kuucheza mbele ya askari wa d6, utajikuta huna hata nusu ya shambulio.

Wapinzani wa aina nyingine

Nyeusi yaweza pia kuweka askari watatu katikati, c5, d5 na e5. Hapo Nyeupe haina mahali pa kusukuma. Badala yake hukamata exd5, na Nyeusi ikirudisha kwa farasi, Nyeupe huleta ngome e1 na farasi wa d2 hadi c4, ili askari wa e5 ashambuliwe na kete tatu kwa pamoja. Mwindaji amebadilika: sasa askari wa e5 ni wa Nyeusi, na ndiye anayewindwa.

Nyeusi ikimtoa askofu wake g4 kabla ya kufunga mlango kwa e6, kusukuma e5 kuna faida ndogo, kwa maana askofu huyo hafungiwi ndani. Mfano uko katika mechi mashuhuri ya New York, Mei 1997, kati ya bingwa wa dunia Garry Kasparov na kompyuta ya Deep Blue, iliyokuwa ikipima nafasi zipatazo milioni 200 kwa sekunde. Kasparov alifungua michezo miwili kati ya mitatu yake ya Nyeupe kwa Ff3 na g3, akikwepa ufunguzi uliokuwa umehifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine. Katika mchezo wa tano, Nyeusi ilimleta askofu g4. Kasparov akamuuliza kwa h3, askofu akamkamata farasi wa f3, na Nyeupe ikabaki na maaskofu wawili. Baadaye ikacheza d3 na e4. Mchezo huo ulikwisha kwa sare. Kwa Nyeupe Kasparov alishinda mmoja na kutoka sare miwili, lakini Deep Blue ilishinda mechi kwa pointi 3½ kwa 2½.

Wako walimu wa sataranji wanaosema kwamba mifumo huwalea wachezaji wavivu. Lawama hiyo ina ukweli kiasi. Mchezaji anayecheza hatua saba bila kuinua macho kutazama ng'ambo ya ubao hajifunzi kitu, na mpinzani hodari atasawazisha mambo bila jasho. Mfumo huu hauipi Nyeupe faida kubwa mwanzoni, wala haudai kuwa nayo. Lakini lawama hiyo hulenga mchezaji kuliko mfumo. Mwanafunzi mwenye saa mbili kwa juma hawezi kuhifadhi ufunguzi kumi. Aweza kuujua mpangilio mmoja barabara, na saa zake zilizobaki akazitumia kusoma askari wa mpinzani. Wazee wachezao bao hufanya vivyo hivyo: huijua mitaji ya mwanzo, kisha macho yao yote huwa upande wa pili.

Mazoezi

1. Ikiwa Nyeupe imeamua kwamba e4 iwe hatua ya kwanza daima, hatua sita zilizobaki zaweza kufuatana kwa namna ngapi? Hakikisha kwamba michezo yote miwili ya Fischer imo katika hesabu yako. (Jibu: 45.)

2. Katika mchezo wa Sousse, baada ya 31. Lxh7+ Mxh7 32. hxg6+, mfalme anakimbilia g8. Tafuta mati kwa hatua moja, na utaje ni kete gani inayozuia kila mraba ambao mfalme angekimbilia.

3. Rudisha ubao kwenye hatua ya 9 ya mchezo huo, lakini badala ya 9. ... b5 Nyeusi icheze 9. ... Lc7. Hesabu upya wanaomshambulia askari wa e5 na wanaomlinda. Tafuta hatua ya Nyeupe inayosawazisha hesabu, kisha uangalie hesabu hiyo inakuwaje Nyeusi ikimfukuza farasi wa f3 kwa kusukuma askari wake wa g.